Nimeambiwa ni hatua ya sifuri. Mbona daktari anataka kugusa kwapa?

Shikamoo Sista,

Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru, nina miaka 46 na watoto watatu. Kibanda changu kiko karibu na Gusii Road. Mwezi wa Januari, ule msimu wa sare za shule ambao fundi halali, niliona doa ndani ya sidiria, upande wa kulia. Lilikuwa dogo kama punje ya dengu, rangi ya kutu. Nikadhani nimejidunga pini. Nikabadilisha sidiria, na kesho yake doa likarudi palepale.

Sitakuchosha na safari yote. Mamogramu, ile eksirei ya titi, ilionyesha chembe nyeupe za chokaa zilizotapakaa kwenye eneo la milimita 34. Ultrasaundi ikaonyesha pia uvimbe mdogo ndani ya eneo hilo hilo. Nikadungwa ile sindano inayolia "ta!" kama stepla, mara tano. Ripoti ilirudi baada ya siku 12, imeandikwa DCIS, greidi ya 3, yaani ya juu kabisa. Daktari alinieleza kwamba ni kansa ambayo bado imo ndani ya mirija ya maziwa, haijatoka, na kwamba hatua yake ni sifuri. Nililia kwa furaha, Sista. Mume wangu alimpigia mamake simu papo hapo: "Ni sifuri, Mama, hakuna kitu."

Kwa kuwa titi langu ni dogo na eneo lenyewe ni pana, tumekubaliana titi lote litolewe. Hilo nimelimeza. Tarehe ni wiki tatu kutoka leo.

Kinachoninyima usingizi ni rafiki yangu wa chama. Mwaka jana aliambiwa maneno haya haya: sifuri, mirija, haijatoka. Akatolewa titi katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Baadaye akaitwa, akaambiwa kwamba ndani ya titi walikuta kansa iliyokwisha kupenya ukuta, milimita tisa, na kwamba lazima arudi thieta akatolewe tezi zote za kwapa, kwa sababu nafasi ya kupima chache tu ilikuwa imepita. Leo mkono wake umevimba kuanzia kwenye kiwiko hadi vidoleni. Pete ya ndoa ilibidi ikatwe. Yeye husema, "Walinidanganya." Kila tukikaa kwenye chama mimi huutazama mkono ule tu. Nami riziki yangu iko mkononi, Sista. Nashika mkasi siku nzima.

Sasa daktari wa upasuaji niliyetumwa kwake anasema siku hiyo hiyo atatoa pia tezi moja au mbili za kwapani zipimwe. Mume wangu amekasirika. Anasema sifuri ni sifuri, kwapa wanalitaka la nini kama si kuongeza bili? Na kakangu aliye Marekani hutuma sauti za WhatsApp kila usiku. Mara aseme siku hizi kompyuta inasoma picha ya mamogramu na kutabiri kama kuna kansa iliyojificha. Mara aseme huko wanawake wa sifuri hawapasuliwi, wanangojea tu, kwa hivyo niahirishe.

Je, hakuna namna ya kujua kabla ya kisu kama kuna kitu kimejificha? Na huyo daktari nimruhusu aguse kwapa, ama nikatae?

Wako mtiifu,
Fundi, Nakuru

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimefanya kazi katika wodi za upasuaji miaka 31, na hilo doa la rangi ya kutu nimesimuliwa na wanawake wengi waliolifua wakanyamaza mwaka mzima. Wewe ulikwenda. Nakushukuru kwa hilo kana kwamba ni mimi uliyenifanyia.

Wiki tatu si nyingi, kwa hivyo jibu nalitanguliza: mruhusu apime kwapa. Ningekuwa mimi ninayelala kwenye meza ile na ripoti kama yako, na daktari hajalitaja, ningemwomba mwenyewe. Kuhusu kujua mapema, zipo dalili za kukisia, na nyingi ya hizo tayari unazo kwenye bahasha yako ya ripoti. Hakika kamili haipatikani kabla ya titi kutolewa na kuwekwa chini ya darubini.

Wewe ni fundi, kwa hivyo nitakueleza kwa bitana. Kila mrija wa maziwa una utando mwembamba unaouzunguka, kama bitana ndani ya koti. DCIS ni seli zilizogeuka kuwa kansa na kuujaza mrija, lakini bitana bado nzima. Mishipa ya damu na njia za limfu, yale majimaji ya mwili yanayochujwa kwenye tezi, ziko ng'ambo ya bitana. Seli ikiwa imefungiwa upande wa ndani haina barabara ya kwenda kwapani, wala kwenye ini, wala kwenye mifupa. Ndiyo maana madaktari huihesabu hatua ya sifuri. Hapo sifuri inahesabu safari: ugonjwa upo, ila haujaondoka nyumbani. Mumeo alipomwambia mamake "hakuna kitu," alisema kwa furaha, na simlaumu, lakini kitu kipo, na kina upana wa milimita 34.

Sasa tuje kwenye ile sindano. Sindano ya kawaida ya aina hiyo ina unene wa kama milimita mbili, na kipande inachotoa ni chembamba kama tambi. Ulitolewa vipande vitano. Fikiria mteja akuletee jora zima la kitambaa, wewe ukate vipande vitano vya upana wa uzi, kisha akuulize: je, jora hili lina tundu popote? Utamjibu kwa ukweli kabisa kwamba katika vipande ulivyokata hukuona tundu. Zaidi ya hapo huwezi kuapa.

Tundu hilo watafiti wamelihesabu. Mwaka 2011 zilikusanywa tafiti 52 zenye wanawake zaidi ya 7,000, wote sindano ikiwa imewasomea DCIS. Walipopasuliwa, karibu 26 katika kila 100 walikutwa na kansa iliyokwisha kupenya. Waliodungwa ile sindano nyembamba ya stepla walikuwa karibu 30 katika 100. Waliotumiwa sindano nene inayovuta nyama kwa mashine walikuwa karibu 19. Kipande kikiwa kikubwa, kinachofichika hupungua, ila hakiishi.

Kwa hivyo rafiki yako wa chama, mpe salamu zangu, na umwambie kwamba ripoti yake ya kwanza haikuwa ya uongo. Ilikuwa kweli kwa vile vipande vya tambi. Kosa alilofanyiwa ni la kunyamaziwa. Mtu alipaswa kuketi naye kabla ya upasuaji amwambie, "Mama, kwa wanawake kama wewe, karibu mmoja katika wanne jibu hubadilika, na kwa kuwa titi linatoka lote, tupime tezi za kwanza leo leo." Sentensi moja hiyo ingemwokolea mkono. Naandika haya nikiwa na uchungu, maana nimewahi kusimama kando ya vitanda vya aina hiyo, nikaona sentensi hiyo haisemwi, nami nikiwa muuguzi mdogo sikuisema.

Turudi kwako. Tafiti zile zile zilionyesha ni nani hasa ambaye jibu lake huelekea kubadilika: mwenye greidi ya juu, mwenye eneo linalozidi milimita 20 kwenye picha, ambaye picha yake ina uvimbe na si chokaa peke yake, ambaye uvimbe wake unashikika kwa mkono, na aliyetumiwa sindano nyembamba. Soma tena barua yako mwenyewe. Greidi ya 3. Milimita 34. Uvimbe kwenye ultrasaundi. Sindano ya stepla. Sikuambii haya ili kukutisha, mwanangu. Nakuambia kwa sababu umeuliza kama kuna namna ya kukisia, nami siwezi kukuficha kwamba kwa dalili hizo ningekuweka juu ya wastani ule wa 26. Hata hivyo bado inawezekana kabisa ripoti yako ya mwisho ikasema DCIS tupu. Wapange wanawake mia waliodungwa sindano nyembamba kama yako, na kama 70 kati yao jibu lao halikubadilika.

Kuna swali moja ambalo nataka uende nalo kwa daktari kabla ya mengine yote, tena uliulize kwa maneno haya haya: "Ile sindano ilipiga uvimbe, au ilipiga chokaa?" Hivi ni vitu viwili, hata kama viko mahali pamoja. Chokaa mara nyingi ni alama ya seli zilizokufa ndani ya mrija. Uvimbe ndio unaoweza kuwa mahali bitana ilipotoboka. Kama vipande vyote vitano vilitoka kwenye chokaa, basi sehemu yenye shaka zaidi haijaulizwa chochote. Daktari anaweza kuona ina maana kuudunga ule uvimbe wenyewe akiongozwa na ultrasaundi, au kutumia ile sindano ya kuvuta. Ulizia inapatikana wapi karibu. Ukiikosa Nakuru, waulize kuhusu Eldoret na Nairobi.

Na kwa nini ujisumbue kudungwa tena wakati titi linatoka lote? Swali halali. Ikijulikana mapema kwamba kansa imepenya, vipimo vya homoni na vya HER2 (protini ya seli za kansa inayosaidia kuchagua dawa) vitafanywa kwenye ile sehemu iliyopenya, na kwa baadhi ya wanawake mpango hugeuka: dawa huja kwanza, kisu baadaye. Na kwapa hupangiwa vizuri zaidi. Lakini kama daktari wako, baada ya kutazama picha, atakuambia kwamba kudunga tena hakutabadilisha atakachofanya siku ile kwa sababu tezi atazipima vyovyote vile, hoja hiyo ina uzito. Mkubalie. Kipimo ambacho jibu lake halibadilishi hatua inayofuata ni pesa na maumivu tu.

Jambo jingine ni vile vipande vyako. Havijatupwa. Maabara huviweka ndani ya vibonge vidogo vya nta, na vioo vyake hutunzwa. Unaweza kuomba mtaalamu mwingine wa patholojia avisome upya, na kwa greidi ya 3 mimi ningeomba. Kuna rangi maalumu ambazo hupakwa kwenye kipande ili kuonyesha zile seli za ukingoni, zinazopanga mstari kando ya bitana. Mstari ukionekana umezunguka mrija wote, bitana ni nzima. Mstari ukikatika na seli mbovu zimemwagika nje, ndilo tundu lenyewe. Wakati mwingine tundu lilikuwamo tayari kwenye kipande cha kwanza, dogo mno kuonekana kwa rangi ya kawaida. Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa Kenya wa mwaka 2013 unakupa haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili, kwa hivyo usiombe kama mtu anayeomba fadhila. Vibonge ukivibeba mwenyewe kwenye matatu, viweke ndani ya mkoba unaoushika mkononi, visiende kwenye buti wala juani.

Mwombe pia daktari akupime kwapa kwa ultrasaundi kabla ya siku. Ni kipimo cha dakika chache. Tezi ikionekana nene au imepoteza umbo, inadungwa kwanza, na mambo yanajulikana mapema.

MRI je, ile mashine ya sumaku inayopiga picha ndani ya mwili? Nakuona ukiuliza, maana kakako ataitaja wiki hii. MRI ya titi huonyesha upana wa ugonjwa vizuri, na mara nyingine hutoa ishara ya kupenya. Lakini pia huona vivuli ambavyo si ugonjwa, na bei yake unaijua. Titi lako linatoka lote. Sioni sababu ya kuuza cherehani kwa ajili yake. Daktari akiwa na sababu yake mahususi, na aieleze.

Sasa hizo sauti za WhatsApp. Kakako anakupenda, na habari anazotuma zina ukweli ndani yake, ila amezikata vibaya. Ni kweli zipo programu zinazofunzwa kusoma mamogramu za wanawake wenye DCIS na kukisia ni nani ana kansa iliyojificha. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha moja. Ukiipa programu hiyo picha za wanawake wawili, mmoja mwenye kansa iliyojificha na mwingine asiye nayo, ilimtambua sawasawa kama mara saba katika kumi. Kubahatisha kwa kurusha sarafu ni mara tano katika kumi. Ni hatua nzuri, nami naifurahia kwa dhati, kwa sababu siku moja itawaepusha wanawake wengi na kisu wasichokihitaji. Lakini kwa mara tatu zilizobaki, huwezi kumlaza mtu ama kumwamsha kwenye meza kwa neno la programu peke yake. Tena ilifunzwa kwa picha za wanawake wa huko. Greidi yako, upana wako na ule uvimbe vinakupa makisio mazito tayari, bila kompyuta.

Na hilo la kungojea bila kupasuliwa. Upo utafiti mkubwa unaoitwa COMET, matokeo yake yalitoka Desemba 2024. Wanawake 957 wenye DCIS waligawanywa: wengine wapasuliwe kama kawaida, wengine wafuatiliwe kwa karibu kwa mamogramu kila miezi sita. Baada ya miaka miwili kansa iliyopenya ilikuwa imeonekana kwa asilimia 5.9 ya wa upasuaji na asilimia 4.2 ya waliofuatiliwa. Habari njema sana. Lakini walioingizwa walikuwa wa greidi ya 1 na ya 2, ambao ugonjwa wao unalishwa na homoni. Mwenye greidi ya 3 hakuruhusiwa kuingia, na sababu ndiyo hiyo hiyo tunayoijadili: kwake kuna uwezekano mkubwa mno wa kitu kilichojificha. Mwambie kakako, kwa upole, kwamba mlango huo haukuwa wako.

Naongeza jambo ambalo huenda hajalisoma. Mwaka 2015 ilitoka hesabu ya wanawake zaidi ya 108,000 wa Marekani waliowahi kuambiwa wana DCIS. Katika miaka 20, waliofariki kwa saratani ya matiti walikuwa karibu watatu katika 100. Kwa wanawake weusi walikuwa karibu saba. Maana yake ni kwamba walio wengi sana, hata kati yetu sisi, huishi, na hilo ulishike. Maana yake pia ni kwamba usisogeze tarehe kwa miezi. Wiki moja au mbili za kusomewa vioo upya hazina neno. Kuahirisha hadi msimu ujao wa sare, hapana.

Tufike kwapani.

Maji ya limfu kutoka kwenye titi huelekea kwapa, na hupitia kwanza kwenye tezi moja, mbili au tatu zilizo mlangoni. Siku ya upasuaji daktari hudunga rangi ya buluu karibu na chuchu, au dawa yenye mionzi kidogo, au vyote viwili. Rangi husafiri njia ile ile ambayo seli mbovu ingesafiri. Daktari hufungua kwapa kidogo, hutafuta tezi zilizogeuka buluu, huzitoa hizo tu. Zikiwa safi, kwa kawaida zilizo nyuma yake nazo ni safi, na kwapa linafungwa.

Sikiliza hapa, maana ndipo rafiki yako alipoumia. Kipimo hiki kinahitaji titi liwepo. Rangi inadungwa kwenye titi. Titi likishatolewa lote, njia zimekatwa, na ukirudi baada ya wiki tatu huna pa kudunga. Ikigundulika hapo kwamba kansa ilikuwa imepenya, daktari mara nyingi hubaki na njia ya kutoa tezi nyingi ili ajue. Mwanamke anayetolewa kipande tu cha titi yeye anaweza kungoja: ripoti ikibadilika, titi bado lipo, kipimo kinafanywa siku nyingine. Nalisema hili kwa wasomaji wengine wenye DCIS wanaotolewa kipande tu: daktari wao kama hakutaja kwapa, huenda hakukosea. Wewe, kwa titi zima, nafasi yako ni moja.

Na mkono wako? Hapa ndipo wewe na mumeo mnaogopa kitu sahihi na kukihusisha na upasuaji usio wake. Wanaotolewa tezi nyingi za kwapa, karibu mmoja katika watano huvimba mkono. Wanaopimwa tezi za mlangoni tu ni karibu 6 katika 100. Sita si sifuri, nami sitakuambia ni sifuri. Lakini ukipima huku 6 ya kipimo kidogo, na huku hatari ya kurudishwa thieta kutolewa tezi nyingi, kwa mtu mwenye dalili zako mizani inaelemea kwenye kupima. Mkono wa mkasi unalindwa kwa kupima.

Mwonyeshe mumeo sehemu hii. Bora zaidi, nenda naye kliniki, akae kiti cha mbele, amuulize daktari mwenyewe. Hasira yake ni ya mtu aliyepewa neno "sifuri" akalishika kama kamba ya kuokokea, na sasa anaona kama linavutwa. Daktari akimchorea mrija na bitana kwenye karatasi, atatulia kuliko nikimwambia mimi. Mama mkwe naye aambiwe na mwanawe, si na wewe. Wewe una ya kutosha.

Kuhusu bili, ana haki ya kuuliza, na wakati wa kuuliza ni kabla. Tangu Oktoba 2024 mambo ni ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali. Hakikisha mchango wa mwaka umelipwa na jina lako halina kasoro, kisha nenda dawati la SHA la hospitali na uulize: ombi la kibali limetaja titi peke yake, au titi pamoja na tezi? Na uchunguzi wa maabara wa hizo tezi unalipwa na nani? Upate jibu la shilingi ngapi, na uliandike. Kurudi thieta mara ya pili kungekuwa bili nyingine nzima, mweleze hilo pia.

Kabla ya siku yenyewe utapewa fomu ya ridhaa. Isome ukiwa nyumbani, au angalau kabla hujadungwa dawa ya kutuliza. Iandikwe wazi: kutoa titi la kulia lote, na kupima tezi za mlangoni. Kama hutaki kwapa lisafishwe lote siku hiyo hata wakikuta kitu, liseme na liandikwe. Ni haki yako chini ya Sheria ya Afya ya 2017. Muulize pia daktari, "Tezi ikikutwa na ugonjwa, utafanya nini siku hiyo hiyo?" Ujue jibu ukiwa macho. Na kama una mzio wa dawa au rangi yoyote, utaje mapema, kwa sababu wachache mno miili yao huikataa ile rangi ya buluu.

Ukishatoka, titi hupelekwa maabara. Nimeona linavyofanyiwa: hupakwa wino kingoni, rangi tofauti kila upande, kisha hukatwa vipande kama mkate, kila kipande kitazamwe. Hapo jora zima linakunjuliwa. Inachukua siku, usiwakimbize. Ripoti ikija, tafuta mistari mitatu: kama kuna kupenya na ni milimita ngapi, tezi zilizotolewa ni ngapi na ngapi zina ugonjwa, na kingo ni safi kwa umbali gani. Ikisema DCIS tupu, kwa titi lililotolewa lote kwa kawaida hakuna mionzi wala kemo. Utabaki na mamogramu ya titi la kushoto kila mwaka. Ikisema imepenya kwa milimita chache na tezi ni safi, bado ni saratani iliyokamatwa mapema, na utakuwa na ramani kamili ya kwapa ambayo rafiki yako hakuipata. Hapo wataongeza vipimo vya homoni na HER2, nawe utaniandikia tena, tuisome pamoja.

Siku ya kwenda vaa blauzi yenye vifungo mbele, ushone mwenyewe moja pana kwapani, maana hutaweza kuinua mkono kuvaa ya kichwani. Na usiku ule ukienda haja ndogo ukakuta mkojo ni wa kijani au buluu, usiite watu wodi nzima. Ni ile rangi inatoka. Kesho yake au kesho kutwa itakuwa imekwisha.